Mashine Iliyoamini Akina Mama

Usiangalie kando. Unajua. Lile gari jeupe lilipopita Kwa Vonza na masanduku yaliyofunikwa mablanketi kama wagonjwa, ulisimama mlangoni mwa duka ukauliza limebeba nini. Ukaambiwa ni kompyuta, inakwenda Zombe kutibu watoto. Ukacheka, ukarudi ndani. Na habari ziliporudi kwa barabara ile ile ukasema hayo ni mambo ya Zombe, yawahusu wenyewe. Basi mambo ya Zombe ni haya.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa themanini na nane. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri ikaacha vidimbwi kila mahali, na hakukuwa na boma lisilokuwa na mtoto mwenye homa. Mutindi, mke wa fundi wa cherehani, alikuwa ameshazika watoto wawili. Aliyebaki alikuwa Mbuvi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua kukimbia. Juzi yake alikuwa akifukuza kuku uani. Sasa alikuwa amelala begani kwa mama yake kama kitambaa kilicholoa maji moto.

Jana yake jioni Mutindi alikwenda dukani kwa Raho. Raho alikuwa mama wa Kisomali ambaye ukoo wake uliletwa na biashara ya ng'ombe, naye akaona afadhali kuuza sukari na vitambaa kuliko kutembea nyuma ya mikia. Chini ya kaunta alikuwa na tembe nyeupe za klorokwini, dawa ya malaria. Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba duka likikutwa na dawa za hospitali litafungwa na mwenyewe atachukuliwa. Na miaka ile, Msomali kuchukuliwa hakukuhitaji hata sababu ya ukubwa huo.

"Mama Mbuvi, hii hukuinunua kwangu," Raho alisema akizifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Kwani nimenunua nini? Nimenunua chumvi."

"Chumvi, wallahi. Jina langu likitajwa mbele ya chifu, mimi naondoka hapa bila viatu, na wewe utatembea mpaka Kitui kutafuta kiberiti."

Pale mlangoni alikuwa mama mzee Syombua, akingoja na yeye afungiwe zake, za mjukuu wake Musyoka. Alicheka kwa ufizi. "Huyu naye! Anatuuzia uhai na kutwambia ni chumvi. Nifungie chumvi yangu niende, macho yangu hayaoni giza vizuri."

Mutindi alimpa mtoto tembe alipofika nyumbani. Homa haikushuka, akampa tena alfajiri. Njiani kwenda zahanati mtoto alianza kutetemeka, na kwa ile hofu ya mtu aliyekwisha kuchimba makaburi mawili, akamsagia nyingine kwenye kiganja akamlambisha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo kiini. Hakuna mama Zombe aliyekubali zahanati kwamba amempa mtoto dawa. Ukiulizwa, unasema hapana. Ulijifunza hivyo kwa mama yako, naye alijifunza kwa wauguzi, wale wa kusema kwa sauti ili laini yote isikie: "Kumbe wewe ni daktari? Basi endelea kutibu!" Halafu unapelekwa nyuma kabisa, juani, na mtoto wako. Kwa hiyo ile hapana haikuwa uongo. Ilikuwa kama mtu kukuuliza habari ukasema nzuri huku nyumba yako inaungua.

Kiema, tabibu wa pale waliyemwita Daktari, alilijua hilo. Kwa miaka yote hakumwuliza mama yeyote kama amempa mtoto dawa. Aliweka mkono shingoni mwa mtoto, akatazama ukuta, akasema kama mtu anayejisemea, "Na zile za asubuhi, alizitapika?" Mama akajibu, "Moja alitapika, moja ilikaa." Yakaisha. Hakuna aliyeaibika, na Kiema alijua apige sindano au asipige, maana sindano juu ya tembe huweza kusimamisha moyo wa mtoto.

Asubuhi ile Kiema hakuweka mkono wake kwa shingo ya mtu. Alikuwa amesimama kando ya meza na koti jipya, sindano tayari kwenye sinia. Juu ya meza yake kulikuwa na kompyuta, kioo chake kikiwaka herufi za kijani, na nyuma ya choo jenereta ilikuwa ikinguruma. Watafiti walioileta walikuwa wamekaa naye miezi, wakimwuliza anaamuaje: akiona hiki anafanya nini, akiona kile anafanya nini. Kila jibu lilitiwa ndani ya mashine. Sasa walikuwa wanaijaribu. Mashine ingeamua, Kiema angepiga sindano tu. Mzungu aliyeongoza kazi hiyo alikuwa amemwonya: ukiongeza neno lako, jaribio limeharibika.

Aliyeuliza maswali alikuwa Nzomo, kijana wa chuo kikuu, mzaliwa wa Matiliku. Aliwatangazia watu kabla ya kuanza. "Akina mama, msiogope. Yote anayojua Daktari Kiema, hii mashine inayajua. Na haichoki, na haina hasira."

Mutindi alishika neno hilo kama mtu anayeshika kamba kisimani. Inajua yote anayojua Kiema. Basi inajua hapana yetu ni ya namna gani.

Mbele yake alikuwa Syombua na Musyoka mgongoni.

"Mtoto ana joto?" Nzomo aliuliza kwa sauti, maana jenereta ilikuwa ikimzidi.

"Anachoma kama jiko, mwanangu."

"Ametapika?"

"Sana."

"Umempa dawa yoyote?"

Laini nzima ilikuwa imejisogeza kuona mashine. Wauguzi wawili walikuwa dirishani. Syombua hakupepesa jicho. "Hapana. Dawa ningeipata wapi, mimi mzee?"

Nzomo akabonyeza. Mutindi alimtazama Kiema, akingoja atazame ukuta. Kiema alitazama sinia. Kioo kikaandika, Nzomo akasoma: sindano ya klorokwini. Musyoka alilia kidogo tu, na bibi yake akaenda kukaa naye barazani.

Mutindi akaingia. Alitazama kile kioo akitafuta mahali penye jicho, chochote cha kumwonyesha kwamba kuna mtu ndani anayemwelewa. Aliona uso wake tu, na herufi za kijani zikipita juu ya paji lake.

"Ana joto? Ametapika? Anakunywa?"

Alijibu yote. Ndipo lile likaja.

"Umempa dawa yoyote?"

Alimwona Raho bila viatu. Aliwaona wauguzi dirishani, mmoja ameshaanza kutabasamu. Alijiona nyuma ya laini, na jua likipanda. Akasema, "Hapana." Likatoka lenyewe, kama kupiga chafya. Halafu akangoja mashine icheke kidogo, iulize kwa upande, kama Kiema.

Mashine haikuuliza. Iliamini.

Kiema alimlaza Mbuvi juu ya paja la mama yake, akapangusa ngozi kwa pamba. Mutindi alisikia harufu ya spiriti, ile ile aliyoisikia wodini mara mbili kabla ya kuchimba. Alijiambia kwamba wamesoma hawa, wametoka mbali, hawawezi kuwa wametoka mbali hivyo na kitu kisichojua.

Ndipo sauti ya Syombua ikatoka barazani, ndogo, ya adabu hata, kama anaomba maji.

"Daktari. Huyu amelegea."

Kiema aliinua kichwa lakini mkono uliendelea kushuka. Mutindi aliweka kiganja juu ya paja la mtoto. Sindano ikamwingia yeye, nyuma ya mkono, na maumivu yakafungua mdomo.

"Nimempa! Nimempa jana, nimempa alfajiri, nimempa njiani! Na mwaitu, mama huyu mzee, naye amempa wake, nilimwona akizichukua!"

Kiema alichomoa sindano. Aliruka juu ya miguu ya watu mpaka barazani, akaweka sikio kifuani mwa Musyoka, akaanza kumpulizia mdomoni. Mzungu alikuwa akiuliza kuna nini.

"Lakini ulisema hapana," Nzomo alisema. Alikuwa bado ameweka vidole juu ya vibonyezo. "Mama, nilikuuliza, ukasema hapana."

"Nilisema hapana! Kwani wewe si Mkamba? Mama yako huko Matiliku alikuwa anasemaje akikupeleka dispensari?"

Nzomo akaondoa vidole juu ya vibonyezo. Mutindi aliona ameshakumbuka.

Mama aliyekuwa nyuma yake alikuwa anamteremsha mtoto wake mgongoni taratibu, akimchungulia kinywani kutafuta mabaki ya tembe. Wa nyuma yake vilevile. Mmoja aliondoka kwenye laini akaanza kukimbia na mtoto wake kuelekea nyumbani, kanga ikimfunguka.

"Mlizinunua wapi?" muuguzi aliuliza kutoka dirishani.

"Hiyo utaniuliza kesho," Mutindi alimwambia, mkono ukidondosha damu kwenye shati la mtoto. "Leo njoo ushike mtoto wa watu."

Gari la watafiti lilimbeba Musyoka. Alifika Kitui hana uhai tena. Mbuvi aliishi, lakini siku ile mama yake hakujua ataishi. Alikaa naye sakafuni zahanati hadi jua likazama, sikio limegusa mbavu zake, akihesabu mapigo, akipotea, akianza upya. Kila moyo ule uliporuka pigo moja, na wake ulisimama kuungoja.

Kiema alikaa karibu naye, koti jipya limechafuka. Mutindi alimwuliza, "Daktari, wewe ulijua. Mbona hukuwaambia?"

"Waliniuliza ninauliza nini. Nikawaambia ninauliza kama mtoto amepewa dawa." Aliangalia mikono yake. "Ningewaambiaje wageni kwamba mama zetu wanaficha, na waliowafundisha kuficha ni sisi?"

Jioni Nzomo alikuja kuchukua waya zake. Hakumtazama mtu. Alisema tu, kama anayejitetea mahakamani, "Mashine haikukosea. Ilijibu sawasawa na ilivyoambiwa."

Na hivyo ndivyo walivyoandika. Katika hesabu zao, jibu la mashine kuhusu Musyoka lilitiwa upande wa majibu sahihi. Waliandika makala, wakaisoma mbele ya wasomi wenzao, wakapigiwa makofi. Syombua hakuitwa. Hakuulizwa hata jina la mjukuu wake.

Miaka imepita, na Makueni ni wilaya sasa. Wiki hii watafiti wako Matiliku, huko Makueni, na mashine nyingine, ndogo, mtu anaweza kuibeba kwapani. Wanasema ni bora kuliko ya kwanza. Swali bado liko ndani yake, kwa maneno yale yale, na kesho asubuhi wataliuliza mbele ya laini ya akina mama ambao wameshawapa watoto wao dawa na watasema hapana.

Wewe unayesoma, inuka. Usingoje mchungaji aseme, usingoje diwani. Nenda Matiliku leo. Simama mbele ya mlango ule kabla haujafunguliwa, uwaulize waziwazi: ni nani hapa anajua maana ya hapana ya mama, na mtoto akifa, ni nani kati yenu atakayeitwa kwa jina? Wakikosa jibu, usiwaache waiwashe. Keti mlangoni, waite na majirani waketi. Nenda sasa.