Bikoni ya Chini

Ukungu ulikuwa umelimeza shamba lote la mlimani, na mpima ardhi alishaanza kukunja miguu ya mashine yake.

"Dada, hapa sioni hata pua yangu. Nitarudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao shemeji atakuwa ameshaizungushia chemchemi seng'enge," alijibu mama mwenye shamba, akimweka sawa mtoto mgongoni. "Huondoki."

Shemeji mtu, mdogo wa marehemu mumewe na jirani yake wa shamba la chini, alikuwa ameegemea rundo la nguzo za seng'enge. Yeye alishapima. Alichukua namba ya kwenye ramani, akaanzia bikoni ya juu, ile nguzo fupi ya zege ya mpaka, akauburuta utepe juu ya majani mpaka namba ikaisha. Ikaishia upande wa juu, kabla ya kuifikia chemchemi. Bikoni ya chini haikuonekana. Ilifukiwa na udongo wa mvua za zamani. Basi, maji akayahesabu yake, na bila maji yale ng'ombe wa mama wasingevuka kiangazi.

"Uliulaza utepe chini?" mpima ardhi alimuuliza.

"Sasa niupitishe wapi, mawinguni?"

"Ramani haijui mteremko, kaka. Inapima kana kwamba ardhi yote ni meza. Mlimani ukiulaza, unaishia njiani."

Mama akadakia hapo hapo. "Kabla ya hiyo mashine mlikuwa mnapimaje?"

Mpima ardhi akajikuna kisogo. "Unaunyoosha utepe hewani, sawasawa, kipande kwa kipande, unashusha timazi, ule uzi wenye uzito, kuweka alama. Lakini hiyo ni kazi ya punda, dada."

"Punda ndiye mimi. Shemeji, shika ncha ya chini, usije ukasema nimevuta."

"Mimi?"

"Unaogopa?"

Akashika. Wakaanzia bikoni ya juu, wakateremka wakifuata ua wa ubavuni, ambao haukuwa na ugomvi.

"Inua, shemeji! Mbona hata huyu wa mgongoni ana nguvu kukushinda?"

Mpima ardhi alitazama timazi, akapigilia kigingi, wakasogea. Mama aliteleza, akaanguka kwa magoti, mtoto akaangua kilio. Akamnyonyesha palepale kwenye tope, ncha ya utepe ameikanyaga kwa kisigino. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Wakaipita chemchemi. Namba iliishia kwenye matete, mama akachukua jembe. Akachimba, mawe matupu. Akachimba kando, mawe tena.

"Labda imebebwa na maji," shemeji alisema.

"Zege halielei."

Akaendelea, mpaka jembe likagonga kitu kigumu, bapa. Shemeji alichuchumaa, akafuta udongo kwa viganja vyake, akaisoma alama.

"Ndiyo yenyewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe wako nao watakunywa, sitawanyima," mama alisema akihema. "Ila geti nitaweka mimi, na kufuli ni langu. Haya, kalete nguzo zako tuzisimamishe hapa kabla giza halijaingia."

Shemeji akaupanda mlima kuzifuata.