Tofali la Asubuhi

Kampuni ya Bwana Muharami haikugusa tenda ya jela wala ya nyumba ya afisa, hata serikali ilipobembeleza. Ilijenga wodi za wazazi na zahanati, basi. Watu wa Iringa waliijua sababu: mke wake wa kwanza alishikwa na uchungu ndani ya lori, akafia Ruaha Mbuyuni kabla gari halijaanza kupanda mlima. Muharami mwenyewe hakuwa na desturi ya kuisimulia habari hiyo. Ila kila asubuhi, kabla ya kazi, mwashi mmoja aliweka tofali la kwanza na kumtaja mwanamke anayemjengea siku hiyo. Wengine wote waliitikia, "Na ajifungue salama."

Mwaka ule wa hamsini na sita kampuni ilishuka kutoka Iringa kuja Iyunga kujenga wodi. Sekela aliajiriwa kuteka maji, yeye na rafiki yake Tupokigwe. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Mume wake, Anania, alikuwa mbali kusini, huko Joni, kwenye migodi ya dhahabu. Mtoto wao wa kwanza alifia tumboni, uchungu ukiwa umemlaza Sekela nyumbani hata wakunga wakaishiwa na la kufanya. Safari hii alitaka jambo moja tu: kuzalia ndani ya kuta zile alizokuwa akizitekea maji.

Mama mkwe wake hakukataa. "Lakini mwenye neno ni mzee," alisema. "Alipopita hapa mwezi uliopita, akitoka kwenye kazi yake ya uashi, nilimwuliza. Akanyamaza. Na mzee akinyamaza, mwanangu, mimi sirudii."

Sekela hangeweza kumwuliza mwenyewe. Kwa Wanyakyusa mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake, haongei naye, wala halitaji jina lake. Tangu aolewe alikuwa akimjua mzee yule kwa kikohozi chake nyuma ya ua na mgongo wake ukipotelea migombani.

Kisha lori la pili likafika na waashi kutoka Iringa. Sekela alikuwa anapita na debe kichwani alipouona mgongo ule ukiinamia mchanga. Alitupa debe, akajifunika khanga usoni, akakimbilia nyuma ya rundo la matofali.

"Amepatwa na nini huyu?" Muharami aliuliza, maji yakimtiririkia viatuni.

"Yule mwashi ni baba mkwe wake," alisema Tupokigwe. "Hawaonani."

"Wamegombana?"

"Hapana, Bwana. Wanaheshimiana."

Muharami alijikuna kidevu. "Huku kwenu heshima ina mbio!"

Sekela alidhani ataambiwa arudi nyumbani. Mwashi ni mtu wa kazi. Mteka maji hupatikana popote. Lakini Muharami aliwaita vijana wakate matete, wakasimamisha ukuta katikati ya kiwanja: upande huu wateka maji, upande ule waashi. Chini waliacha tundu la kupitishia madebe.

Mzee mwenyewe aliongeza lake. Kila alipotaka kuuzunguka ukuta wa matete, aligonga ndoo yake kwa mwiko wa kujengea, ko, ko, kisha akasimama. Hakusogea hata kidogo mpaka Tupokigwe aite, "Pita, mzee, njia nyeupe!" Mara nyingine mvua ilikuwa inanyesha, naye akasimama hivyo hivyo, chokaa ikimchuruzika mikononi.

Kila asubuhi Sekela alitega sikio nyuma ya matete. Tadeo, mwashi kijana, alitaja leo Mwantumu, kesho Chiku.

"Wewe Tadeo," Muharami alimwambia, "wodi hii ina vitanda vichache. Punguza!"

Wakacheka. Zamu ya mzee ilipofika, alisema kwa sauti ya chini, "La mama yangu, marehemu." Na zamu iliyofuata vilevile. Sekela aliinamisha kichwa. Mzee alimtaja marehemu. Mtu wa nyumbani mwake anayebeba mimba hamtaji. Basi ndilo jibu lake, aliwaza.

"Mwenye kunyamaza hajakataa," Tupokigwe alimwambia, akimtwika debe lililojaa nusu. Tangu tumbo lilipokua, alimjazia nusu tu, kisha akajibebea mwenyewe lililofurika hadi mabega yakamwuma.

Kuta zilipanda, zikafika juu. Siku ya tofali la mwisho Muharami alimpa mzee heshima ya kuliweka. Mzee alipanda jukwaa, akalipaka saruji, akalilaza mahali pake.

"Hili," alisema, "ni la mtu ambaye uso wake sijauona. Najua nyayo zake. Zamani zilikuwa nyepesi, siku hizi zinakanyaga kwa uzito. Mtoto wake wa kwanza alipopotea, mimi nilikuwa nje ya ua. Nilisikia yote. Sikuweza kuingia, wala sikuwa na mahali pa kumpeleka." Alipangusa mikono. "Mke wangu aliponiuliza, hapa palikuwa na msingi tu. Sikutaka kumwahidi mtu kitanda ndani ya shimo. Sasa nyumba ipo. Azalie hapa."

"Na ajifungue salama!" waliitikia, na sauti ya Muharami ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Nyuma ya matete Sekela alikaa chini kwenye mchanga, akalia. Kisha akajipangusa, akajaza debe maji safi ya kunawa, akalisukuma kwenye tundu. Kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kusema, aligonga ubavu wa debe kwa vidole. Ko, ko.

Upande wa pili, mwiko ukajibu.

Alijifungulia pale, mvua za mwaka zilipokolea na bati jipya likipiga kelele. Mzee alikaa barazani, mgongo wake ukiegemea ukuta alioujenga, asitake chai wala kiti. Tupokigwe alitoka na kitoto cha kike kilichofungwa blanketi.

"Ndaga, Mungu," mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, akampokea.

"Amefanana na mama yake kabisa," alisema Tupokigwe.

"Nami nitajuaje?"

Tupokigwe alishika mdomo, kisha kicheko kikamponyoka. Mzee naye akacheka, mabega yakitikisika. Alilifunua blanketi kidogo, akautazama uso ule mdogo kwa muda mrefu: paji, pua, midomo.

"Kumbe ndivyo alivyo," alisema.

Akageuka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ndani, mtu aligonga kikombe.