Hereni Yenye Mwanya

Siku ile mjinga alikuwa Mjomba, na hata yeye mwenyewe baadaye hakulipinga hilo. Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi. Marehemu dada yake aliacha hereni moja ya lesi yenye shanga, aliyoifuma kwa mkono wake. Ya pili yake ilipotea zamani. Sasa binti wa marehemu anaolewa kesho, naye anataka mama yake awe masikioni mwake. Mjomba, aliyefundishwa kufuma na dada huyo huyo, afume ya pili ifanane na ya kwanza. Basi.

Lakini fundi hakosi la kusema juu ya kazi ya fundi mwenzake. Alipoisogeza hereni dirishani, aliona pete ya chini haikufungwa mpaka mwisho. Lesi ile ni mafundo yaliyopangwa juu ya uzi mmoja wa ndani. Ukiuvuta, mafundo hujikunja yakawa pete. Dada alivuta, akaishia njiani, akabakiza mwanya. Mjomba akacheka peke yake. Dada yule, aliyekuwa akimchapa vidole kwa fundo moja legevu! Ngoja nimsitiri, akasema. Akaushika uzi wa ndani kwa kibano, akauvuta kidogo tu.

Uzi ulikuwa mkongwe. Ulikatika kimya kimya, na shanga zikakimbilia chini ya kabati kama vifaranga walioona mwewe.

Mkewe aliingia akamkuta kalala kifudifudi, tochi mkononi. Alipoelezwa, aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo umemsahihisha marehemu?" Kisha akarudi kwenye pasi yake.

Bibi harusi alisema atapita kabla ya adhuhuri. Mjomba akaamua kufuma zote mbili upya na kunyamaza. Akazitunga shanga alizookota, akazungusha uzi kwenye kidude chake cha kufumia chenye umbo la jani, akaanza. Kila pikipiki iliyopita nje ilimfanya achungulie dirishani. Jasho la vidole likautelezesha uzi. Hereni ya pili ilipofika katikati, aligundua kuwa ushanga wa ncha hakuutunga, na lesi hii haina msamaha: ushanga usiotungwa mapema hauna tena njia ya kuingia, na fundo likishakazwa halifumuki. Akakata kwa mkasi, akaanza upya, masikio yote mawili yako getini.

Na hata katika hofu ile, mkono wake haukukubali kuacha mwanya. Pete zote alizifunga barabara. Alipomaliza akaziona zinapendeza kuliko ile ya zamani, akaanza kujiaminisha kwamba kafanya hisani.

Geti likalia. Bibi harusi akaingia na pua ya mama yake, ile iliyopinda kidogo kushoto, ambayo Mjomba ameitania tangu mtoto yuko kwenye nepi. Akazipokea hereni, akazisifu, akasema zimefanana kama mapacha. Mjomba akashusha pumzi.

Ndipo msichana akachomeka ncha ya kidole cha mwisho kwenye pete ya chini. Kikagoma. Akajaribu nyingine. Kikagoma. Akaeleza taratibu kwamba utotoni, akibebwa begani, kidole hicho ndicho alichokichomeka kwenye mwanya wa hereni ya mama mpaka usingizi umchukue.

"Ya mama ni ipi hapa?"

Mjomba akalitazama kabati, kisha akakiri kuwa uzi umekatika mkononi mwake. Angeishia hapo, angesamehewa. Mkewe alikohoa kumwonya, lakini ulimi ulikwishatangulia: pete ile ilikuwa na kosa, fundi gani anaacha pengo, kesho watu wangemcheka bibi harusi.

"Kazi ya mama yako ilipinda, mwanangu. Mimi nimeinyoosha tu."

Bibi harusi akajifuta macho. Akavuta kiti, akakaa kama mtu asiye na safari, akaziweka hereni mezani, akamsogezea mkasi na uzi.

"Na pua hii kanipa yeye, nayo imepinda. Hii utainyoosha lini, Mjomba?"