Kahawa ya Ijumaa kwa Saadiya

Hivi wewe, mjukuu wangu, ukimwamkia mtu "Tumsifu Yesu Kristo" naye akakujibu "Nzuri, habari za kuamka," utamwelewaje?

Ndivyo Madamu Kolet alivyomjibu Severa kila asubuhi. Tulikaa ghorofa moja ya Msajili wa Majumba pale Mchafukoge, Dar, miaka ile ya foleni za sukari. Madamu alikuwa Mfaransa, mwalimu wa sekondari, mwembamba, viatu vyake vya kamba. Severa alikuwa Mchaga wa Kibosho, mumewe Isidori ana duka Kariakoo. Alikaa chini, mlango wake umetazama ngazi, basi hakuna aliyepanda asimwone.

Kila Jumapili alimkaribisha Madamu misa. Mwishowe Madamu akamweleza taratibu kuwa kwao dini ni ya mtu na moyo wake, hata mezani kwa wakwe hawaulizani. Severa akaja kwangu amenuna, akasema hizo ni haya tu, atakuja.

Ijumaa moja akamwona Madamu anapanda kwa Saadiya, yule Mwarabu wa juu, kajitanda ushungi wa rangi ya samli. Mlango ukafungwa. Ijumaa iliyofuata vilevile.

Wivu ukamkaa Severa kooni kama mwiba wa changu. Akaacha kumpelekea Madamu mtori wa ndizi. Saadiya akimsalimu, anaitikia huku anasugua sufuria lililokwisha kutakata. Kwangu akawa haishi kusema: kasilimishwa yule, bado jina tu, mimi nimembembeleza kwa ndizi za kwetu, mwenzangu kampata bure.

Ijumaa nyingine uvumilivu ukamwisha. Akanishika mkono, tukapanda, akabisha hodi kwa ngumi.

Ndani moshi mtupu. Saadiya alikuwa anakaanga buni, na mlango kaufunga kwa ajili ya jirani mwenye pumu. Madamu kakaa mkekani anatwanga kwenye kinu kidogo, ushungi kaukaza nywele zisishike moshi. Pembeni sahani ya kashata.

"Unamfundisha dini?" Severa akauliza.

Saadiya akacheka. "Dini yake hata siijui, shoga yangu. Mtu ana hamu ya kahawa, nimuulize kibla cha nini?"

Severa akainama, akachota buni mbichi kwenye ungo, akainusa. Nilidhani ataimwaga. Akasema polepole kwamba hizi ni za kwao. Mama yake huzianika uani mpaka mikono inanuka, na wenyewe hawazinywi, wanauza zote.

Madamu akasogea mkekani, akampisha. Severa hakukaa. Alibaki kasimama na ile buni kiganjani.

"Kanisa lilikuwa njia tu, Madamu," akasema. "Mimi nilitaka uje kwangu."