Msindikizaji Asiyeonekana

"Faili halipo," ilitangaza kompyuta ya Linux, kwa utulivu wa hakimu anayesubiri chakula cha mchana.

"Lipo!" Mwanaidi aliifokea. "Nimelifungua sasa hivi!"

Kompyuta haikubadili hukumu.

Katika ofisi ile ndogo ya Area D, Mwanaidi alikuwa bado kwenye majaribio, na jaribio lake lilikuwa moja: programu ya faharasa ifanye kazi kwenye kompyuta zote. Faharasa humwonyesha mtu kila kipande cha msimbo, yaani maandishi ya programu, kimeandikwa wapi. Bila hiyo, kusaka kosa katika msimbo wa mtu aliyeacha kazi ni sawa na kumsaka mbuzi wako mnadani. Kwenye Windows ya bosi ilikubali. Kwenye Linux ilikana kila faili. Ikishindikana leo, angerudi Kondoa, ambako Baba Mkubwa Mustapha alikwisha kumwekea kigoda dukani kwake, nyuma ya magunia ya vitunguu. Kigoda kipya, tena chenye mto.

"Vipi, Mrangi?" bosi wake, Sostenes, alichungulia. "Nikuitie basi la Kondoa?"

"Liite, bosi. Ila dereva aanze kwa kutengeneza hii Linux."

Shangazi yake Sostenes, aliyekuwa ameleta ubuyu, akaaga. Akaaga tena mlangoni. Sostenes akamsindikiza hadi getini, kama alivyolelewa, na huko wakaanza kuagana upya. Khamisi, mlinzi aliyeanza kazi asubuhi ile, akanyoosha mkono.

"Mama, pita. Huyu wa pili sikumwona akiingia."

"Mimi ni msindikizaji tu!" Sostenes alipaza sauti. "Tena ofisi ni yangu!"

Mwanaidi alicheka dirishani. Kisha akaigeukia kompyuta.

Msindikizaji.

Orodha ya mafaili ambayo programu ilipaswa kuyasoma iliandikwa kwenye kompyuta ya bosi, jina moja kila mstari. Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana. Linux hutumia moja tu. Kwa hiyo kila jina lilifika na msindikizaji wake, na Linux, mlinzi mwaminifu, ilimhesabu kuwa sehemu ya mgeni. Jina la namna hiyo haikulijua.

Akaziondoa alama za ziada kwa amri moja, akaendesha programu, akafumba macho.

Alipofumbua, faharasa ilikuwa ikimiminika kama mtama kutoka guniani. Akalaza paji la uso mezani na kupumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua ndoo.

Sostenes alirudi, akabofya jina moja, akapelekwa moja kwa moja kwenye kosa walilolitafuta wiki nzima. Akabofya tena, kwa raha tu.

"Kesho uwahi," alisema. "Meza ya dirishani ni yako."

Mwanaidi akapiga simu Kondoa. "Shikamoo, Baba Mkubwa. Kile kigoda, kikalie mwenyewe."

Jioni Sostenes alitoka naye kumsindikiza.

"Ishia mlangoni, bosi."

Hakuishia. Getini Khamisi alishika komeo, akawatazama mmoja mmoja, asifungue bado. "Na leo msindikizaji ni yupi?"