Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Gari lilikaa chini ya turubai miaka mitatu, tangu Babu alipofariki, na Bibi alizoea kulipita kama unavyompita mgeni aliyelala sebuleni: kwa kunyata. Lilikuwa gari la mbio, jeusi, la milango miwili, fupi kiasi kwamba paka akitaka kupita uvunguni ilimbidi ainamishe mgongo. Babu alilinunua likiwa limegongwa vibaya, akalijenga upya kwa miaka saba. Akalipa jina la Nyigu, kwa sababu ya mlio wake. Kwenye wosia aliliandikia mstari mmoja tu: Nyigu ni wa mjukuu wangu, siku atakayopata kazi.

Sasa kazi ilikuwa imepatikana. Mjukuu alikuwa mpima ardhi, na ofisi iliyomwajiri ilikuwa upande wa pili wa nchi, mwendo wa kilomita elfu moja na mia nne. Alitakiwa kuondoka Jumapili asubuhi.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia, kwa utani wao wa siku zote, "si upande basi kama wenzako?"

"Basi halijui kuimba, Bibi. Halafu hili gari ni zawadi ya mume wetu. Unanionea wivu?"

"Wivu wa nini? Mimi aliniachia mwiko na paka."

Walicheka, lakini Bibi hakulala vizuri. Mtoto huyu alimlea kwa mikono yake tangu akiwa na miaka minne. Hakuwa na mwingine.

Wa kulitengeneza gari alikuwa Kipara, aliyejifunza ufundi kwa Babu tangu ndevu hazijaota, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa na mvi. Alifunga gereji yake siku nne bila kuombwa. Siku ya kwanza, Jumatano, alikuja na spana zake, jeki, matairi mapya manne, na kigoda chenye mto.

"Cha nini hicho?" Bibi aliuliza.

"Cha magoti yako, Mama. Nani atanipakia alama? Mimi na rangi ya kucha tumeachana mbali."

Babu alikuwa na utaratibu wake. Kila nati aliyoikaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tik* nguvu ikitosha, ilipakwa mstari mmoja wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka juu ya nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea hata kidogo mstari unakatika, na jicho linaona mapema. Babu alikaza, spana ikalia, akasema "Tayari," na Bibi akapaka. Kazi ikiisha, Babu aliichukua chupa akampaka Bibi ukucha wa kidole kidogo, huo mmoja tu. "Na hii imekazwa," alisema. "Haitatoka njiani."

Basi Jumatano ile walianza. Kipara alimwaga oili ya zamani, nyeusi kama uji uliosahaulika jikoni. Alibadilisha maji ya rejeta, mikanda, plagi, mafuta ya breki. Betri aliitoa akaiweka kwenye chaji mezani, pembeni ya gereji ya Babu pale nyumbani. Alivua magurudumu yote, akavisha matairi mapya, akayarudisha. *Tik*. "Tayari." Bibi akapaka. *Tik*. "Tayari." Akapaka. Ilikuwa kama kusali tena sala uliyodhani umeisahau.

Lakini palipokuwa na alama za zamani, Kipara hakugusa. Alimulika kwa tochi, akaona mstari ni mzima, akapita.

"Hizo huzijaribu?" Bibi aliuliza.

"Alichofunga Mwalimu sikifungui, Mama. Itakuwa utovu wa adabu."

Bibi akakaza kifuniko cha chupa. Alikuwa na neno, lakini lilibaki kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni Bibi alifunga gereji kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulining'inia shingoni mwake kwa kamba.

Alhamisi asubuhi alipofungua, harufu ilimpokea mlangoni. Ilikuwa harufu ya rangi ya kucha, kali na mbichi, kama chupa imefunguliwa dakika hiyo. Chupa ilikuwa rafuni, imefungwa.

Kipara alifungua mlango wa dereva, akasimama.

"Mama, umekaa humu?"

"Nikae humo nitolewe na nani? Hilo gari unaingia kwa kulala."

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa, mgongo umelazwa kidogo, kama alivyokipenda mtu mmoja tu mwenye miguu mirefu kama ngazi. Kiti chenyewe ni cha kusukumwa na mota, na mota haiendi bila betri. Betri ilikuwa bado mezani, inachaji.

Kipara alijikuna kichwa pasipo na nywele. "Labda springi imeachia," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. Aliirudisha betri, akabonyeza kitufe. Mota ikalia, kiti hakikuja mbele hata kidole kimoja. Mjukuu alipokaa, miguu yake haikufika kwenye pedeli.

"Mume wetu hataki niendeshe," alisema akicheka. Hakuna aliyecheka naye, na yeye akaacha.

Ijumaa asubuhi, alama moja ilikuwa imekatika. Gurudumu la mbele la kushoto, nati ya juu. Mstari wa Jumatano ulikuwa umegawanyika: nusu juu ya nati, nusu kwenye rimu, na kati yao nafasi ya robo mzunguko. Kufuli lilikuwa zima, na dirisha halina pa kupita hata mkono.

Kipara alikaza upya. *Tik*. "Tayari." Bibi akapaka.

Mchana waliketi nje kivulini, wanakunywa chai. Mjukuu alikuwa amekwenda kuaga marafiki. Hakukuwa na mtu mwingine uani, isipokuwa paka. Bibi alikuwa anamwongezea Kipara sukari, maana alijua huwa anaona haya kuomba kijiko cha tatu, ndipo waliposikia kutoka ndani ya gereji:

*Tik*.

Paka alisimamisha mkia, akaondoka kwa heshima zake.

"Chuma kinapoa," alisema Kipara.

"Kimepata moto wapi?" Bibi aliuliza. "Injini hujaiwasha tangu jana."

Kipara akainua kikombe. Alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja, ya moto.

Jumamosi asubuhi, nati ileile. Robo mzunguko uleule. Na safari hii Kipara hakuchukua spana. Alichuchumaa mbele ya gurudumu muda mrefu, na alipogeuka macho yake yalikuwa na maji.

"Mama, unajua Mwalimu alikuwa anatukosoaje?"

"Najua hakuwa anapiga kelele."

"Hajawahi. Ukikosea hakusemi mbele ya mwenye gari, hakusemi hata mbele ya wenzako. Anakuja kimyakimya, anailegeza nati moja karibu na kosa lako. Robo mzunguko, basi. Asubuhi unakuta alama imekatika, unajua: hapa nitazame tena. Unatafuta mwenyewe, unarekebisha mwenyewe, heshima yako inabaki." Akafuta uso kwa kiwiko. "Nimekosea hapa, Mama. Nimekosea wapi?"

Alipandisha jeki, akavua gurudumu. Alitazama kila kitu kwa tochi. Pedi za breki alizoweka ni mpya. Paipu ya breki mpya, haijajipinda. Nyuma kulikuwa na bolti mbili nene zinazoshika mtambo wote wa breki wa gurudumu lile, na juu ya kila moja mstari mwekundu, mkavu, wa zamani, mzima bila ufa.

"Hapa ni mkono wake," alisema. "Hapa hakuna kosa. Basi sielewi."

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake chenye mto. Alitazama ile mistari miwili na akaitambua, kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Upande wa mwisho ulikuwa umeteleza kidogo, kwa sababu siku ile alipaka huku analia.

Mwaka wa mwisho, mikono ya Babu ilikuwa inatetemeka. Kikombe kilimwaga chai, kalamu iliandika vidudu. Alimwapisha Bibi asimwambie mtu: fundi asiye na mikono ni nini? Na siku hiyo, akiwa amelala chini ya Nyigu, alivuta spana, akavuta, akavuta tena. Spana haikulia. Kisha sauti yake ikatoka uvunguni, ndogo kama ya mtoto: "Tayari."

Na Bibi, badala ya kusema sijasikia, alipaka.

Alidhani ule ni wema. Maishani mwake alikuwa amefanya wema mwingi wa namna hiyo, wa kunyamaza. Sasa alitazama mlango wa gereji, na nje ya mlango mabegi mawili ya mjukuu wake yakiwa yamefungwa tayari, na juu yake koti la barabarani limekunjwa vizuri. Akasikia kwamba akifungua kinywa atamvua nguo marehemu mume wake mbele ya mtu aliyemwabudu. Na akinyamaza, je?

Harufu ya rangi ilipanda tena, kali, mpaka ikamchoma macho.

"Mwanangu," alisema. "Zijaribu hizo bolti."

"Mama, hizo ni za Mwalimu."

"Ndiyo maana. Kosa si lako, ni letu sisi wawili. Spana haikulia siku hiyo. Alisema tayari, na mimi nikapaka. Nilisikia haikulia, nikapaka."

Kipara alimtazama. Halafu akaingiza mkono nyuma ya mtambo ule, hakuchukua hata spana, akashika bolti ya juu kwa vidole viwili, akazungusha. Rangi kavu ilipasuka *pwa*, kama ganda la yai. Bolti ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka kwa vidole, laini, mpaka ikaangukia kiganjani mwake.

Kipara aliigeuzageuza bolti mbele ya tochi.

"Rangi ndiyo iliyoishika," alisema hatimaye, taratibu. "Kilomita mia, mia mbili. Halafu anakanyaga breki kwa nguvu, kwenye mteremko…" Hakumalizia.

Bibi alifunika uso kwa khanga. Kipara akaja akapiga magoti mbele ya kigoda, mikono imejaa grisi, hajui aiweke wapi.

"Nilijua anatetemeka, Mama," alisema. "Kumbe sote wawili tulijua. Mwaka mzima ule nilikuwa nawahi alfajiri, kabla hajaamka, nakaza upya magari ya wateja. Nilidhani najua mimi tu. Hili sikuligusa kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Wewe je?"

Wakatazamana, watu wazima wawili waliokuwa wamembeba mtu mmoja kwa siri, kila mmoja upande wake, bila kujua mwenzake yupo. Bibi akacheka kidogo ndani ya machozi. "Tumlaumu nani?" alisema. "Haya, inuka. Fungua zote."

Walifungua kila alama ya mwaka ule. Zilikuwa kumi na moja, na tatu zilikuwa zimelegea. Kila moja Kipara aliikaza, na kila mara Bibi aliweka mkono juu ya mpini wa spana ili asikie mlio kwa mfupa, si kwa sikio tu. *Tik*. "Tayari." "Nimesikia," alijibu Bibi kila mara, ndipo akapaka. Neno hilo hawakuwahi kulitumia wakati wa Babu.

Saa kumi jioni mjukuu alirudi, akajitumbukiza ndani ya gari kujaribu kama kawaida yake.

"Kumbe mmekitengeneza kiti!" akapaza sauti. "Miguu inafika. Asante, Mjomba."

Kipara alikuwa anafuta spana. Aliendelea kuifuta ileile. "Si mimi," alimnong'oneza Bibi. "Sijakigusa."

Jumapili asubuhi kufuli lilikuwa zima, alama zote zilikuwa nzima. Bibi alizipitia moja moja akiwa amepiga magoti, akamwita Kipara naye akazipitia. Ndani ya gereji hapakuwa na harufu yoyote. Hilo ndilo lililomfanya Bibi asimame kidogo mlangoni: harufu ilikuwa imekwenda wapi?

Mjukuu alimkumbatia, akamwambia asilie. Bibi akasema ni vumbi, mjukuu akasema hakuna vumbi. Nyigu akanguruma mpaka vikombe vya jikoni vikagongana, akatoka getini polepole kama bibi harusi. Kipara alibaki akimshika Bibi kiwiko mpaka mlio ukapotea.

Simu iliita saa sita kasoro.

"Bibi! Nimesimama kujaza mafuta. Usishtuke, niko salama."

"Anayesema usishtuke ndiye anayeshtua. Sema."

"Kwenye mteremko lori lilikata mbele yangu. Ghafla! Nikakanyaga breki kwa miguu yote. Nyigu alisimama kama kapigiliwa misumari, Bibi. Hakuyumba hata kidogo. Mwambie Mjomba mikono yake ibarikiwe."

Bibi alikaa kwenye kigoda chenye mto, mlemle gereji. Alimshukuru Mungu kimya, mara tatu.

"Halafu, mke mwenzangu," mjukuu aliendelea, sauti inacheka, "ungeniamsha basi, ningekupa vidole vyote. Ndiyo nini kunipaka ukucha mmoja nikiwa nimelala?"

Bibi akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Bibi? Huu wa kidole kidogo. Mwekundu. Nimeuona sasa hivi nikishika usukani, na umenichafua, kumbe bado mbichi."

Kule rafuni, mbele ya macho ya Bibi, chupa ilikuwa imefungwa, kama alivyoiacha. Akatazama mkono wake mwenyewe. Kucha zake zilikuwa tupu, zote kumi. Akasikia wivu kidogo, kweli, wivu wa mke mwenza, na chini ya wivu ule baridi ikampanda mgongoni polepole, baridi isiyo na ubaya.

"Usiukwangue," alisema. "Uache hivyohivyo mpaka ufike."