Majina Ambayo Sikuwahi Kuyatamka

Siku ya thelathini na tisa tangu mume wangu azikwe, kaka yake mkubwa aliingia jikoni na simu ya marehemu mkononi.

"Shemeji, waraka wa malisho nimeupata. Ulikuwa kwenye lile sanduku lake la siri humu ndani ya simu."

"Umelifunguaje?"

"Neno la siri si majina ya mababu zetu saba? Hata mtoto wa darasa la kwanza angelifungua!"

Akaiweka simu mezani, akatoka kwenda kumwangalia farasi wa kuchinjwa kesho. Mimi nilibaki nimeshika unga. Sanduku hilo halikuwa na nyaraka tu. Ndani yake mlikuwa na sauti zote alizonitumia miaka minne aliyofanya kazi ya ujenzi Urusi, maneno ya mume na mke. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

"Majina saba!" alisema Kalyipa, mke wa mdogo wa marehemu, tuliyekuwa tukikanda naye. "Ukoo mzima unayajua kabla ya kujua kufunga viatu. Na kesho ni arobaini, dada. Vijana wa mjini Bishkek wakifika, simu hiyo itazunguka kama sahani ya nyama. Badilisha leo hii."

"Niweke nini? Jina la ng'ombe wetu?"

"Herufi tano! Hiyo kufuli au uzi?" Kalyipa hutunza kompyuta za shule, mambo haya anayajua. "Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe. Urefu ndio nguvu yake. Ila uyakumbuke. Ukisahau, hakuna wa kukufungulia, hata waliolitengeneza sanduku."

Nikachagua theluji, ndoo, kijiko, mkasi. Nilipomaliza kunawa mikono sikujua tena kama ndoo ilitangulia au theluji. Nikaogopa. Tangu mazishi nasahau kila kitu. Asubuhi ile nilikuwa nimetia chumvi kwenye unga mara mbili. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikatoka kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

"Kaa chini, dada, unanitia kizunguzungu."

Sikuweza kukaa.

Kwetu mke hatamki majina ya wakubwa wa upande wa mumewe. Huwapa mengine. Huyu shemeji mimi humwita Kofia Ndefu, naye hulipenda jina hilo. Lakini majina ya namna hiyo kila mtu anayajua. Yalikuwapo mengine. Mwaka nilioletwa kama bibi harusi, nikiwamiminia chai wazee watano huku nimeinamisha kichwa, niliwapa majina ya moyoni, ya hasira na utoto. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Miaka ishirini na miwili imepita, watatu wamekufa, na bado nikifumba macho nawaona walivyoketi, kuanzia mahali pa heshima hadi mlangoni.

Nikaichukua simu, nikawaandika kwa mpangilio huo, mmoja baada ya mwingine, bila nafasi. Nilipofika kwa wa tatu nikacheka.

"Unacheka nini?"

"Nimepata."

"Hebu niambie."

"Thubutu!"

"Haya, umefuzu."

Nikafunga, nikafungua. Nikafunga tena. Mara ya sita Kalyipa akasema nitalichosha sanduku la watu.

Kofia Ndefu alirudi jioni haijaingia, akaitwaa simu, akabonyeza, akakunja uso. "Imegoma."

"Nimebadilisha, shemeji. Unataka waraka mwingine?"

"Hapana." Alitazama sakafu. "Waraka niliupata tangu juzi. Leo nilikuwa namsikiliza."

"Umesikiliza ngapi?"

"Tatu. Ya nne ilianza na jina lako, nikazima."

Sijui kama alisema kweli. Kalyipa aliinuka akaenda nje bila kuambiwa.

Nilimpa mgongo, nikaandika majina yangu. Nikatafuta ile ambayo mume wangu analalamikia upepo wa ghorofa ya tisa, kisha anauliza kama farasi jike amezaa. Kofia Ndefu alisikiliza amesimama, mkono ukutani.

"Rudia."

Nikarudia. Akanyoosha mkono aipokee simu, nami nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Ukimtaka tena, njoo uniambie. Nitakuchagulia."

"Kesho, kabla wageni hawajafika?"

"Kabla hawajafika."

Alipotoka nilifungua tena, kuhakikisha kwamba bado ninakumbuka.